Saa ya Ghali na Saa ya Rahisi: Niliyoyaona kwa Kuzivaa Zote Mbili Unguja

Kazi yangu hutegemea maji ya bahari. Ninasimamia boti zinazopeleka wageni kisiwa cha Changuu na kwenye fungu la Nakupenda, mbele ya Mji Mkongwe, na fungu hilo huwa nchi kavu maji yanapokupwa tu. Yakianza kujaa, mchanga humezwa kidogo kidogo, na boti iliyochelewa kufuata watu wake huwakuta wamesimama majini na mikoba yao vichwani. Kwa kuwa kujaa na kupwa husogea mbele kwa kiasi cha dakika 50 kila siku, mtu wa kazi hii hawezi kusema ataondoka saa ile ile ya jana, na simu si kitu cha kutoa mfukoni kila mara mikono ikiwa imelowa maji ya chumvi. Saa ya mkono kwangu ni chombo cha kazi kabla ya kuwa pambo. Nimevaa ya rahisi na nimevaa ya ghali, nimezilipia zote mbili, na nimekaa mbele ya meza ya fundi nikizitazama zote mbili zikifunguliwa matumbo. Ninaandika kwa ajili ya yule ambaye ameanza kuweka akiba ya kununua saa ya mamilioni na bado hajatoa fedha zake.

Kwa miaka mingi nilivaa Casio ya plastiki, ile F-91W inayojulikana na kila mtu, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1989 na ambayo sura yake haijabadilika mpaka leo. Ina uzito wa gramu 21, kwa hiyo mkono huisahau. Watengenezaji wake wanasema betri hudumu kwa takribani miaka 7 na kwamba saa hiyo haikosei zaidi ya sekunde 30 kwa mwezi, na kwa niliyoyaona mimi kauli hiyo ni ya kweli. Mkanda ndio unaokufa kwanza: jua na chumvi huufanya mgumu, kisha ukapasuka pale kwenye matundu. Kioo chake ni cha plastiki na huchubuka upesi, ingawa mikwaruzo midogo huondoka kwa kusuguliwa na dawa ya meno na kitambaa laini. Ukiitaka iliyo halali utalipa elfu hamsini hivi, na pembeni yake utauziwa nyingine kwa elfu kumi ambayo kwa macho hutaitofautisha. Bonyeza kitufe cha chini upande wa kulia, ukishikilie kwa sekunde tatu. Iliyo ya asili huandika jina la kampuni kwenye kioo. Hiyo ni dalili, si ushahidi kamili, maana wenye kughushi nao hujifunza, lakini imewaokoa vijana wangu kadhaa wa botini.

Nilinunua saa ya ghali baada ya misimu miwili mizuri ya wageni, ada za skuli zikiwa zimelipwa na nyumba ikiwa imeezekwa upya. Nilikuwa nimeitamani saa ya Uswisi tangu ujana, na sioni haya kulisema hilo. Mtu aliyefanya kazi kwa mikono yake ana haki ya kukitaka kitu kilichotengenezwa vizuri. Ndugu yangu anaishi Muscat, na yeye ndiye aliyeingia dukani kwa niaba yangu, akinionyesha saa moja moja kwenye simu. Tulichagua ya otomatiki, ya chuma, yenye uso wa buluu iliyokoza. Bei yake, kwa fedha zetu, ilikuwa kiasi cha milioni mbili na laki tatu. Nilimwomba ndugu yangu amwulize muuzaji mbele yangu kama saa ile inastahimili bahari, na muuzaji akaichukua, akaigeuza, akatuonyesha maandishi ya mgongoni yaliyosema mita 50, akasema: "Hii unaogelea nayo bila ya wasiwasi wowote." Maneno hayo nimeyakumbuka mara nyingi baadaye.

Furaha niliyoipata ilikuwa ya kweli. Mgongo wa saa ulikuwa wa kioo, na ndani yake kilionekana kipande cha chuma chenye umbo la nusu duara, kinachozunguka kila mkono unapotikisika na kuikaza kamani, yaani springi inayoiendesha, ili saa isihitaji kutiwa ufunguo wala betri. Chini yake gurudumu dogo la mizani lilikuwa likienda na kurudi kwa kasi kiasi kwamba jicho haliwezi kulihesabu, likirudishwa kila mara na waya mwembamba kuliko unywele uliozungushwa kama kili iliyokunjwa. Jioni baada ya sala ya Isha nilikuwa nikiivua na kuigeuza tu nitazame. Hakuna saa ya betri iliyowahi kunipa hilo.

Kwa upande wa kuonyesha saa sahihi, hata hivyo, ile ya elfu hamsini iliishinda ya milioni mbili tangu siku ya kwanza, na mnunuzi anapaswa kulijua jambo hili kabla. Ndani ya saa ya betri mna kipande cha fuwele ya kwatzi ambacho umeme hukitetemesha mara 32,768 kila sekunde, na kwa kuihesabu mitetemo hiyo saa hupata sekunde moja karibu isiyo na kosa. Saa ya kamani kama yangu hugonga mara nane tu kwa sekunde, na mapigo hayo huathiriwa na joto, na namna saa ilivyolala, na hali ya mafuta yaliyomo. Hata saa za Uswisi zilizopimwa moja moja na kupewa cheti cha usahihi zinaruhusiwa kubaki nyuma sekunde 4 au kwenda mbele sekunde 6 kwa siku. Ukizijumlisha sekunde 6 kwa mwezi mzima unapata dakika tatu. Yangu haikuwa na cheti, na ilikuwa ikienda mbele sekunde kumi hivi kila siku, kwa hiyo kila Ijumaa niliirekebisha kabla ya kwenda msikitini. Inafaa kukumbuka kwamba saa ya kwanza ya mkono ya kwatzi, Seiko Astron, ilipotoka Tokyo tarehe 25 Desemba 1969, iliuzwa yen 450,000, bei iliyokaribia ya gari dogo. Usahihi ndio uliokuwa anasa wakati ule, na sasa ndio kitu cha bei nafuu kuliko vyote. Kwa hiyo anayetoa mamilioni asijiambie kwamba ananunua wakati ulio sahihi zaidi.

Baadaye saa ilianza kukimbia ghafla, si kwa sekunde tena bali kwa dakika kadhaa kwa siku. Nilidhani imevunjika, na nikakosa raha ya chakula siku hiyo. Nahodha wetu mmoja, mtu mzima asiyesema sana, aliniambia niisogeze karibu na dira ya boti. Sindano ya dira ikageuka na kuifuata saa kama inavyofuata msumari. Ilikuwa imeshika sumaku, kwani usiku niliilaza juu ya spika ya redio, na waya ule mwembamba unaposhika sumaku mizunguko yake hugandana, ukawa mfupi kuliko unavyotakiwa, na gurudumu likaenda mbio. Fundi aliiondoa sumaku kwa kifaa kidogo cha umeme katika muda usiotosha kumaliza kikombe cha kahawa. Aliye na saa ya kamani aiweke mbali na spika, na vifuniko vya simu vyenye sumaku, na milango ya friji.

Kuna gharama nyingine ambayo haiandikwi kwenye risiti. Nilipokwenda Darajani kununua vipuri vya mashine ya boti, muuzaji aliyekuwa akinipa bei ya mwenyeji aliutazama mkono wangu kwanza ndipo akataja bei. Barazani watu waliishika, wakaipima uzito, wakauliza. Lililonigusa zaidi ni mabaharia wangu. Hawakusema neno baya hata moja, lakini walijua, kama nilivyojua mimi, kwamba saa iliyokuwa mkononi mwangu ilizidi mshahara wa miezi kadhaa wa kijana anayeruka majini kushika kamba. Nikaanza kuivua ninapolipa mishahara. Mwengine ataona hilo ni dogo, lakini mimi sikuweza kulizoea, na ninalitaja kwa sababu mtu huhesabu bei ya kitu na kusahau atakaa nacho mbele ya nani.

Ukungu uliingia wakati wa kaskazi, katika zile siku za jua kali na kazi nyingi. Nilirudi kutoka Changuu adhuhuri, nikaingia majini mpaka kiunoni kuisukuma boti, na nilipotoka niliona upande mmoja wa kioo, kwa ndani, pana wingu jembamba lenye matone madogo kama ya mfuniko wa chungu. Moyo ulinishuka. Kufikia alasiri wingu lilikuwa limeondoka, na jamaa wakanipongeza kwamba imejikausha yenyewe. Lakini maji yaliyoingia ndani ya saa hayatoki kwa kutoonekana, na hayo yakiwa ya chumvi, kila saa inayopita ni hasara. Jioni ile ile niliipeleka kwa fundi.

Fundi huyu ana meza yake katika kichochoro kimoja nyuma ya Mkunazini, chini ya baraza, na sanduku la kioo lililojaa mikanda na saa ambazo wenyewe hawakurudi kuzifuata. Alipachika kioo cha kukuzia jichoni, akaitazama saa kwa muda mrefu kabla ya kuigusa, kisha akaifungua mgongo kwa kuuzungusha taratibu. Aliniita nisogee. Kwenye mfereji unaokaa mpira wa kuzuia maji palikuwa na chembe nyeupe za chumvi, na mpira wenyewe, ulipotolewa kwa koleo, ulikuwa bapa na mkavu, haurudi ukibonyezwa. Karibu na kifundo cha pembeni, kile cha kurekebishia saa, palikuwa na doa la rangi ya chai kwenye skrubu mbili.

"Hii ni kutu, fundi?" nilimwuliza.

"Ndiyo kwanza inaanza, bwana. Umeiwahi. Mimi ninaweza kuikausha na kuifunga, lakini sitaki kukudanganya: mpira wa saizi hii sina, na hata nikiupata sina chombo cha kuipima kama inaingiza maji. Ingekuwa ya Kijapani zile za kawaida ningekurudishia kesho. Hii inataka kwao."

Nilimheshimu sana kwa jibu hilo. Wapo ambao wangeipaka gundi, wakachukua elfu thelathini, wakaniacha niende nayo baharini.

"Kwao" palikuwa mbali. Nilivuka kwa boti ya asubuhi kwenda Dar es Salaam, kwenye duka moja linalopokea saa za aina hiyo, nao wakaituma nje ya nchi. Dhamana ya miaka miwili ilikuwa bado hai na kadi yake ilikuwa na muhuri wa duka la Muscat, lakini jibu lililorudi lilikuwa kwamba maji ya chumvi hayamo katika dhamana. Makadirio ya kuisafisha yote, kubadilisha vilivyoshika kutu, kuweka mipira mipya na kuipima yalikaribia laki tisa. Nililipa, kwa sababu kuiacha kulimaanisha kuzika milioni mbili. Iliondoka masika yakimalizika, ikarudi vuli zimeshaanza kunyesha, na kusi yote nikaivaa ile Casio, ambayo haikunipotezea safari hata moja.

Katika muda huo wa kungoja nilijisomea kuhusu maji, na ningependa kila mtu wa pwani ayaelewe haya. Mita zinazoandikwa mgongoni mwa saa si kina unachoweza kushuka nacho. Ni kipimo cha shinikizo la maji yaliyotulia, saa ikiwa mpya, katika maabara. Mita 30 maana yake ni matone ya mvua na kunawa mikono. Mita 50 huvumilia kuogelea kidogo. Kwa anayeshinda baharini ni mita 100 kwenda juu, na kifundo cha pembeni kiwe cha kufungwa kwa kuzungushwa kama skrubu. Anayepiga mbizi kwa mitungi atafute iliyopimwa kwa kiwango cha kimataifa cha ISO 6425. Juu ya hayo yote, mpira huzeeka: joto la jua, sabuni, mafuta ya kupaka na chumvi huukausha, ndiyo maana saa ya maji inatakiwa kupimwa kila mwaka kama boti inavyopandishwa kukaguliwa. Ukitoka baharini isuuze kwa maji baridi ya bomba, na usikivute kifundo ikiwa bado imelowa. Saa iliyokwisha kuchomwa na jua usiitumbukize majini ghafla, kwani hewa ya ndani hunywea na kuvuta unyevu kupitia mpira uliochoka.

Kutokana na yaliyonipata, swali ninaloliuliza sasa mbele ya saa yoyote si bei yake, bali ni nani, na wa umbali gani, atakayeifungua itakapoumwa. Kisiwani kwetu hili ndilo linaloamua kama ghali ina maana. Mtu wa Geneva au Tokyo huipeleka saa yake barabara ya pili. Mimi huvuka bahari, nikaitoa mikononi kwa majira mazima. Ndiyo maana ninaona kwamba kwa mtu wa Unguja au Pemba aliye na laki tano au sita, saa bora kuliko zote ni ile ya katikati. Seiko 5, ambazo zimekuwapo tangu mwaka 1963 na ambazo wazee wetu wengi walizivaa, ni saa za otomatiki zenye ile ile raha ya gurudumu linalocheza, na mafundi wetu wanazijua kama wanavyojua mifuko yao. Asiyependa kamani achukue ya kwatzi inayojichaji kwa mwanga wa jua, ambao sisi hatuna uhaba nao. Hiyo ina faida ambayo wauzaji hawaitaji: haifunguliwi kila mara kubadilishwa betri, na saa nyingi ninazozijua mimi zilizoingiza maji ziliingiza baada ya kufunguliwa mgongo na mtu aliyeurudisha mpira ukiwa umepinda.

Hata hivyo sitasema kwamba milioni zangu zilipotea. Kioo cha saa ile ni cha yakuti ya kutengenezwa, jiwe ambalo kwa ugumu linazidiwa na almasi na vitu vichache mno, na baada ya kugongana na nanga, ngazi na kuta za matumbawe za Mji Mkongwe hakina hata mkwaruzo mmoja. Chuma chake hakijashika kutu nje. Muhimu zaidi, saa ya kamani inaweza kutengenezwa: kila kilichomo ndani kinafunguka, kinasafishwa na kurudishwa, ilhali saa ya plastiki siku mashine yake ikifa hutupwa. Sharti lake ni kwamba matengenezo yahesabiwe kuwa sehemu ya bei tangu siku ya kwanza. Kila baada ya miaka mitano hivi mafuta ya ndani huwa yamekauka, na kwa saa kama yangu matengenezo ya kawaida hula theluthi moja ya bei au karibu yake. Asiyeweza kuiweka fedha hiyo kando bila ya kugusa ya nyumbani, saa hiyo bado si yake.

Mpwa wangu alipokuwa akijitayarisha kwa harusi alinijia na saa iliyong'aa kwa rangi ya dhahabu, ya jina kubwa la Uswisi, aliyoachiwa na mtu wa mtaani kwa laki moja na nusu. "Mjomba, nimepata bahati," aliniambia. Uso wa saa ulikuwa umeandikwa kwamba ni ya otomatiki. Nilimwambia aishike kwenye mwanga na kuutazama mshale wa sekunde. Ulikuwa ukiruka mara moja kwa kila sekunde, tik, ukasimama, tik, ukasimama, kama saa zote za betri, ilhali wa otomatiki huteleza kwa hatua ndogo ndogo zinazofuatana karibu bila ya kukatika. Alinyamaza, akairudisha kwa mwenyewe, na kwa bahati akapewa fedha zake. Nilimkumbusha pia kwamba dhahabu haijuzu kwa mwanamume, na kama anapenda rangi hiyo amwulize sheikh wake kwanza kuhusu zilizopakwa. Mwishowe alichukua Seiko ya chuma yenye uso mweupe, na fedha iliyobaki ikaingia kwenye kitanda na makabati.

Mwenye kununua ya ghali kwa kutumaini kwamba ataiuza siku ya shida afikiri mara mbili. Saa chache sana za majina machache hushikilia bei yake. Nyingi, mara zinapotoka dukani, hushuka kama gari. Mimi niliwahi kuitembeza yangu, ikiwa imetoka matengenezoni na inakwenda vizuri, nikapewa laki nane, na aliyenipa hiyo ndiye aliyekuwa mkarimu, maana wengine waliogopa hata kuishika wasije wakanunua ya bandia au ya wizi. Nikaamua kubaki nayo. Ninaivaa kwenye sikukuu na harusini, na ninapokuwa ofisini; nikishuka kwenye boti inabaki ndani ya kopo lenye vifuko vya kunyonya unyevu, na mkononi inakaa ya plastiki. Kadi ya dhamana yenye muhuri na tarehe, risiti ya Muscat na karatasi ya yale matengenezo nimeziweka pamoja ndani ya bahasha moja, kwa sababu nilivyoona, mnunuzi wa pili huziulizia hizo kabla hajaitazama saa yenyewe.